Jina Langu Lilikwenda Sekondari

Jina langu sitaliandika hapa. Linatumiwa na mtu mwingine, na jambo hilo bado liko kwa wakubwa. Waliohusika nitawataja kwa undugu wao na kwa kazi zao. Wakisoma watajijua, na waliobaki kijijini watawajua. Mimi ni mtu wa darasa la saba. Nikikosea maandishi mnisamehe, lakini habari zenyewe sijakosea.

Tulikuwa tunakaa Mufindi, huko juu ambako ukungu unaingia mpaka jikoni. Siku nyingine unamwita mtu aliye upande wa pili wa shamba, anakuitikia na humwoni. Baba alikuwa na mashamba mawili ya mahindi, kipande cha pareto, na mianzi bondeni ambayo alikuwa anagema ulanzi, pombe yetu ya mianzi, asubuhi na jioni. Mama alizaa saba tukabaki wanne, mimi nikiwa wa kwanza. Mdogo wake baba, ambaye kwetu ni baba mdogo, alikuwa karani wa kata. Alikuwa na baiskeli, saa ya mkononi na nyumba ya bati. Akija kwetu alipewa kigoda kizuri, na aliyekuwa anaongea alinyamaza.

Baba mdogo alikuwa na binti aliyenizidi mwaka mmoja. Nilimwita dada. Alikuwa na pumu. Asubuhi za baridi tulisikia kifua chake kikilia mlangoni kabla hatujamwona mwenyewe. Hakulima, hakwenda kuni, hakuchota maji. Alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka mmoja kabla yangu na hakuchaguliwa. Sikumcheka. Miaka hiyo shule nzima ikitoa watoto wawili wa kwenda sekondari, watu wanasema mwaka huu umekuwa mzuri.

Mimi nilikuwa na akili ya darasani. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu wa kunisemea hawapo tena. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa ananipa madaftari ya darasa la tano nisahihishe hesabu, yeye anaota jua ukutani na redio yake. Nilikuwa natia vema na kosa kwa wino mwekundu, nyumbani nafika na vidole vyekundu. Mama ananiuliza kama nimechinja kuku.

Majibu yalipokuja nilikwenda shuleni peke yangu. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umefuata majibu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mwaka huu wamekwenda wavulana wawili tu. Wewe umekosa kidogo sana. Usilie. Utaolewa na mwalimu, utakaa shuleni hivyo hivyo."

Akacheka. Na mimi nikacheka, maana mwalimu akicheka unacheka. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi. Karatasi ilikuwa mezani, nauona mhuri wake, pamewekwa jiwe juu isipeperuke. Zilikuwa hatua nne. Sikuomba kuiona. Kwetu mtoto haombi kuona karatasi ya mwalimu. Hata mtu mzima haombi. Tuliambiwa kilichoandikwa, tukaitikia. Hilo ndilo kosa langu mimi, na nimeliweka mbele kabisa ili nisije nikaambiwa nataja ya wenzangu tu.

Wiki hiyo hiyo baba alirudi kutoka kwenye kata akiwa na wino wa bluu kwenye dole gumba.

"Baba, umefanyaje?"

"Pareto. Siku hizi wakipima tunatia dole."

Nilichukua majivu na maji ya moto, nikamsugua hilo dole mpaka likatakata. Alikuwa ananiangalia utosini. Nilidhani amechoka kutembea.

Mwezi wa kwanza tukaambiwa dada anapelekwa kwa mjomba wake Iringa mjini akatibiwe kifua, na atakaa huko. Nikaagizwa nimbebee sanduku mpaka barabarani kwenye gari. Ni mwendo wa saa moja na zaidi, kuteremka na kupanda, na kulikuwa na manyunyu. Lilikuwa sanduku la bati, la bluu. Nilitua mara tatu.

"Dada, humu umeweka mawe?"

"Nguo za baridi."

Nikajitwika tena. Alipopanda gari nilimpungia mkono, nikarudi kupalilia.

Mwaka ule nilijifunza kugema ulanzi na kumpeleka mama kliniki, nikaanza kusahau madaftari. Ningesahau kabisa. Lakini mwezi wa kumi na mbili nilikuwa bombani na akina mama kama watano, ndoo zimepangwa foleni, akaja msichana mgeni amevaa viatu vya shule na soksi. Akasalimia kamwene, salamu ya kwetu, vizuri, akauliza, "Samahani, kwa kina fulani ni wapi?" Akataja majina matatu. Langu, la baba yangu, la babu yangu.

"Abee," nikaitika. "Ndiyo mimi."

Akaniangalia miguu, akapanda mpaka kichwani.

"Hapana. Namtafuta wa kidato cha kwanza. Tunalala naye bweni moja. Ana pumu."

Mama mmoja aliyekuwa anakinga maji akacheka. "He! Kumbe mko wawili! Basi mmoja akateke maji, mwingine akasome." Wenzake hawakucheka. Mmoja aliinama akaanza kusugua ndoo iliyokuwa safi. Hapo ndipo nilipoona kwamba wanajua. Kijiji kizima kilikuwa kinajua, isipokuwa mwenye jina.

Sikumwambia mgeni kitu. Nilimpeleka mwenyewe mpaka kwa baba mdogo, ambako dada alikuwa amerudi kutembea, ndoo kichwani. Akapiga hodi, akaita jina langu. Dada akatoka ndani mbio, amejifunga khanga, anaitikia "Abee!" kwa furaha. Kisha akaniona mimi nyuma ya mgeni. Kifua kikaanza kulia pale pale.

Mama mdogo, mama yake, alitokea nyuma yake akaniambia, "Wewe, si umetumwa maji? Mama yako anasubiri."

Maji niliyafikisha. Halafu nikashuka bondeni kwa baba. Alikuwa anachonga ncha ya mwanzi ili utoe vizuri, kisu kimoja mkononi na kingine mdomoni. Sikumwamkia. Nilimwuliza kama nilichaguliwa au sikuchaguliwa.

Alitoa kisu mdomoni. Baba yangu hakuwa mwongo wa mara mbili. Ukimwuliza tena alisema kweli.

"Ulichaguliwa."

"Sasa?"

"Mwenzako ana kifua. Ukimpa jembe atakufa. Wewe una mikono, hata ukinyeshewa siku nzima huumwi. Na wote ni watoto wangu. Mtoto wa mdogo wangu nimkatae? Tulikaa, tukaona."

"Mlikaa nani na nani?"

"Sisi."

"Taja."

Nilikuwa na miaka kumi na tano, namwambia baba yangu taja. Angeweza kunipiga. Akataja. Yeye mwenyewe, aliyetia dole kwenye fomu ya kujiunga. Baba mdogo, aliyeleta wazo na aliyeijaza fomu kwa mwandiko wake wa kikarani. Mwalimu mkuu, aliyekitoa cheti changu cha kumaliza darasa la saba akampa dada, na ambaye nyumba yake ilipata mbao za kuezekea mwaka huo huo kwa kibali cha kata.

"Na mama?"

"Mama yako alipika chai."

Akarudi kuchonga mwanzi. Nilisimama pale namhesabu upya kila mtu ninayemjua. Vitu vilikuwa pale pale, mianzi, mto, ukungu, ila nilikuwa nimeambiwa vinaendeshwa na nani. Watu huwa wanasema walikua polepole. Mimi nilikua mchana mmoja, kati ya bomba na bonde.

Huko sekondari mambo yalikuwa mepesi kwao. Mkuu wa shule alipouliza, "Huyu ni binti yako?" baba alijibu ndiyo, na kwa desturi yetu hakusema uongo. Mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako. Jina la ukoo ni moja. Yaliyobadilika ni mawili tu, la baba na la kwanza, na hilo la kwanza lilikuwa langu.

Niliolewa mapema na kijana mchimbaji, tukaenda Chunya, baadaye Makongolosi. Sitaeleza sana. Ni nchi kavu yenye vumbi jekundu, na mimi nilikuwa mtu wa ukungu. Mwaka wa kwanza midomo ilipasuka haikupona. Nilikuwa napika chakula cha wachimbaji, msimu wa tumbaku nafunga majani kwa watu, na katikati natwanga mawe ya dhahabu kwa nyundo. Mume wangu alifukiwa na shimo akiwa na wenzake wawili. Nilikuwa na watoto watatu. Nikahamia Mbeya, nikaanza biashara ya mchele. Naufuata mwenyewe Usangu, kwa Wasukuma waliohamia kule na ng'ombe zao. Wao waliniita mayu, yaani mama. Makongolosi nilikuwa mama ntilie. Mbeya wananiita kwa jina la mwanangu wa kwanza, mama wa fulani. Mzee Mhindi mwenye duka ninalonunua magunia ananiita mama mchele mpaka leo. Kwa hiyo miaka ilikwenda na jina sikulihitaji. Mwanamke akishazaa, nani anamwita jina lake?

Jina lenyewe lilimaliza kidato cha nne. Likaenda chuo cha ualimu. Likapangiwa kazi huku huku Mbeya, shule ya msingi, mwendo wa dakika arobaini kutoka kwangu. Tulikuwa tunakutana misibani.

Nyumba yangu iko pembeni mwa mji, vyumba vinne, nimeijenga chumba kwa chumba. Hivi karibuni wakaja maofisa wa ardhi kupima mtaa wetu ili tupewe hati. Wakaandika kila mtu na kiwanja chake, na kila mtu atoe namba ya kitambulisho cha taifa. Mimi sikuwa nacho. Hata laini ya simu ilisajiliwa na mwanangu. Yule ofisa akasema hakuna shida, tuandike jina la mtoto, au la shemeji yako kama yupo. Nikamwambia asiandike kitu. Nyumba nimejenga mimi.

Nikaenda kujiandikisha na kadi yangu ya ubatizo, ndiyo karatasi pekee niliyobaki nayo. Kijana wa kwenye kompyuta alikuwa na adabu. Aliniamkia, akanisaidia kuweka vidole kwenye mashine. Mashine ikakataa mara mbili.

"Mama, vidole vyako vimelika. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Mawe."

Tukajaza majina. Akabonyeza, akakunja uso.

"Mama, mbona wewe tayari upo?"

"Nipo wapi?"

"Humu. Jina, tarehe, kijiji, baba, mama, vyote. Mwalimu."

"Geuza hicho kioo nione."

"Haturuhusiwi, mama yangu."

"Geuza, mwanangu."

Akaangalia mlangoni, akageuza. Alikuwa dada, amevaa miwani, amenenepa mashavu. Pembeni yake jina langu, tarehe ile ile ya kadi yangu, na mama yangu, kwa majina yake yote mawili, ameandikwa kuwa ndiye aliyemzaa. Sijui kwa nini hilo la mama ndilo lililonichoma kuliko yote.

Kijana akaniambia njia rahisi ni kwenda kwa wakili kula kiapo, nichukue jina jingine. Muda mfupi tu nimemaliza.

"Jina gani?"

"Lolote unalopenda, mama. Wengine wanafurahia kabisa."

Sikwenda kwa wakili. Nilimpigia dada simu nikamweleza kilichotokea. Jumapili akaja, amebeba mkate na sukari kama anayekwenda kumwona mgonjwa. Akakaa ukingoni mwa kochi.

"Umemwambia nani?" ndilo neno lake la kwanza.

"Bado."

"Dada, nakuomba."

Yeye ndiye mkubwa. Maisha yangu yote nilimwita dada, yeye akaniita wewe. Siku hiyo ndipo nilipopandishwa cheo.

"Nimebakiza miaka michache nistaafu," akasema. "Wakijua, wananifuta kazi, pensheni inakwenda, na mahakamani nitafikishwa. Unadhani nimekaa raha? Kila wakitangaza kuhakiki vyeti nashikwa na kifua, nalazwa. Watoto wangu hawajui. Mume wangu hajui."

"Mimi nifanyeje?"

"Chukua la kwangu. Lile la kuzaliwa. Liko tu, halijatumika."

Alisema hivyo kabisa, kama mtu anayekupa gauni la kabatini. Kifua kikaanza kumlia. Nilimchemshia maji ya moto, nikampa, akanywa. Sikuwa na hasira kama nilivyotegemea. Nilikuwa nataka kujua vitu viwili.

"Baba alipofariki, walimu wenzako walikuja gari zima. Walimpa pole nani?"

Akapiga funda jingine la maji.

"Walikupa wewe, mfiwa. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nakoroga ugali wao. Mmoja akaniambia, dada wa jikoni, ongeza mboga."

"Ningefanyaje pale? Niambie. Ningesimama niseme nini?"

"Sijui. Na lile sanduku je?"

"Sanduku gani?"

"La bluu. La bati. Siku ile unaondoka."

Akafikiri. Nilimwona anatafuta kweli, hakuwa anaigiza.

"Nilikuwa na begi," akasema. "La baba. Nilipelekwa na baiskeli, nadhani."

Nilikuwa nimeshaanza kukubali. Nasema ukweli wangu: alipokuwa anahema vile na kikombe mkononi, nilishafikiri moyoni, ya nini, jina la uzeeni la nini, niape tu. Kama angelikumbuka lile sanduku ningeapa. Nimelibeba na madaftari ambayo yangekuwa yangu, nimetua mara tatu kwenye manyunyu, na yeye hakunibakiza hata kwenye hiyo safari. Mle namo alikuwa amenifuta.

Nikamwambia anywe maji amalize, nimsindikize stendi. Njiani akauliza, "Kwa hiyo, dada?" Nikamwambia nitakwenda ofisini Jumatatu. Hakuuliza kusema nini. Nadhani alitumaini.

Jumatatu nikafika mapema. Yule kijana akanitambua. "Mama, umeleta kiapo?"

"Sijaleta. Andika jina langu tena."

"Litagoma."

"Likigoma, mwite mkubwa wako aniulize kwa nini limegoma."

Akaniangalia sana. Akaandika, likagoma, akainuka akaingia chumba cha ndani. Nikasubiri kwenye benchi barazani na watu wengine, kama ishirini hivi. Baada ya muda akatoka mzee mmoja mwenye faili, akasimama mlangoni, akaita. Aliita majina yote matatu, taratibu, kwa sauti.

"Abee," nikasema. Hajamaliza la tatu nimeshasimama.

Ndani aliniketisha, akachukua kalamu. Akasema hili ni jambo la kosa la jinai, kuna watu wataitwa, nina uhakika? Nikamwambia ninao. Akasema haya, taja.

Nikataja. Mwalimu mkuu, marehemu. Baba yangu, marehemu. Baba mdogo, yupo hai kijijini, anatembelea fimbo, mkimwita atakuja. Dada, na shule anayofundisha. Mama yangu nikasema alipika chai. Akasimamisha kalamu.

"Na hilo niandike?"

"Andika."

Kwa hiyo majina yao yako kule, kwa ukamilifu, na ndiyo maana hapa sina haja nayo. Dada hajanipigia tangu siku hiyo. Mama mdogo amenipigia mara mbili kunilaani. Sijui itaishia wapi. Kitambulisho sijapata, na kiwanja changu kwenye karatasi ya mtaa bado kimeachwa wazi.

Alipomaliza kuandika, mzee akanisogezea kidau cha wino nitie dole. Nikamwambia naweza kusaini, na kwanza nasoma. Akacheka kidogo, akanipa. Kurasa tatu. Nilisoma zote, kidole kinafuata mstari, yeye anaangalia saa. Ukurasa wa pili, kwenye jina la mama, alikuwa amekosea herufi moja. Nikamwomba kalamu yake nikaizungushia duara, nikamrudishia karatasi asahihishe.